Pingili ya mwanangu imeliwa: ni TB, ni saratani, au ni nini?

*Daktari, mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Dunda hapa Bagamoyo, nauza samaki wa kukaanga. Kijana wangu wa pili ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Tangu kabla ya Ramadhani analalamika mgongo, katikati, chini kidogo ya mabega. Mwanzoni tulijua ni mpira, maana jioni hakosi uwanjani. Bibi yake akawa anamkanda kwa maji ya moto na mafuta ya nazi. Zahanati tukapewa diklofenaki mara mbili. Akinywa anapata nafuu, ikiisha maumivu yanarudi, na usiku ndiyo yanazidi.*

*Mwezi uliopita akapigwa eksirei. Daktari akasema pingili moja imeliwa, huenda ni TB ya mgongo, huenda ni uvimbe wenye damu ndani ya mfupa. Akaandika rufaa twende MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, akapigwe MRI na kuchukuliwa kinyama. Tangu siku hiyo nyumba haina amani. Jirani ananiambia uvimbe ukiguswa na chuma unaamka, unageuka saratani. Shemeji yangu anasema TB inajulikana, tuombe dawa zake, zinatolewa bure, tusipoteze hela. Baba yake anataka kuuza mashine ya boti. Juzi kijana ameanza kusema mguu wa kushoto una ganzi, na ndara inamtoka akitembea bila mwenyewe kujua. Nifanye nini?*

*Mama wa Dunda, Bagamoyo*

Mama, pole sana. Umeandika mengi, lakini jambo zito kuliko yote umeliweka mwishoni kabisa: ndara. Mtoto ambaye ndara inamtoka mguuni na hana habari, mishipa ya fahamu inayoshuka kwenye mguu ule imeanza kubanwa. Iwe TB, iwe uvimbe wa damu, iwe kitu kingine, kitakachomharibia maisha haraka ni huko kubanwa. Katikati ya mgongo, pale ulipopataja, tundu la mfupa unamopita mshipa mkuu wa fahamu ni jembamba. Kitu kidogo kikichomoza humo hakuna nafasi ya kukikwepa. Mshipa uliobanwa siku chache una matumaini mazuri ya kurudi ukiondolewa mzigo mapema. Ukibanwa kwa wiki na miezi, mara nyingi haurudi wote.

Kwa hiyo barua ya rufaa uliyonayo si ya kusubiri mwisho wa mwezi wala mnada wa mashine. Ni ya kesho. Na akianza kulegea miguu, akashindwa kukojoa au mkojo ukamtoka bila kujua, au akasema hasikii kitu sehemu anazokalia, basi si ya kesho tena, ni ya saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Mkifika mapokezi msiseme tu "anaumwa mgongo", maana wenye kuumwa mgongo wamejaa kwenye foleni. Semeni: mguu una ganzi na umeanza kupoteza nguvu. Neno hilo linampeleka mbele, na ni haki yake.

Msafirishe amelala. Bodaboda hapana, bajaji hapana, na lile basi la Makumbusho ambalo mtu anasimama kutoka mjini mpaka Bunju, hapana. Barabara ni ya lami lakini matuta ya njiani unayajua, na kila tuta ni kishindo kwenye mfupa uliokonda. Uliza kwanza hospitali ya wilaya habari ya gari la wagonjwa. Likikosekana, kodini gari ambamo ataweza kujinyoosha kwenye kiti cha nyuma, na dereva aende taratibu.

Sasa tuje kwa shemeji yako. Hakukosea kuwaza TB. Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo, na TB haikai kwenye mapafu peke yake. TB ya mgongo inajulikana zamani. Percivall Pott, daktari wa upasuaji wa London, aliieleza mwaka 1779 kwa kuwatazama watoto waliotoka kibyongo na kupooza miguu. Mtoto anaweza kuwa nayo huku picha ya kifua ni safi na makohozi hayana kitu, ndiyo maana huwezi kuiondoa akilini kwa kipimo cha makohozi tu.

Alipokosea ni kutaka dawa zianzwe kwa kukisia. TB ya mgongo ina desturi zake. Mara nyingi hula sehemu ya mbele ya pingili mbili zinazopakana na kuharibu kile kisahani laini kilicho katikati yake, usaha hujikusanya pembeni, na mgonjwa anaweza kuwa na homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito. Wewe hukutaja homa wala kukonda, na daktari amesema pingili moja. Hayo hayatoshi kusema si TB, lakini yanatosha kukataa kuanza dawa za miezi mingi bila ushahidi. Wapo wagonjwa ambao daktari bingwa, akishatazama picha na vipimo vya damu, huamua kuwaanzishia dawa hata kabla majibu yote hayajatoka. Uamuzi huo ni wake yeye aliyemshika mtoto, kwenye safu hii hauwezi kufanyika. Mtoto mwenye uvimbe wa damu akimeza dawa za TB miezi miwili, uvimbe nao unakua miezi miwili.

Uvimbe wenyewe ni huu. Kwenye karatasi za hospitali huandikwa kwa kifupi ABC. Henry Jaffe na Louis Lichtenstein, wataalamu wa magonjwa ya mifupa wa New York, waliutenga na vivimbe vingine mwaka 1942. Ndani ya mfupa hutokea vyumba vilivyojaa damu, vimetenganishwa na kuta nyembamba. Vyumba vinaongezeka, mfupa unatanuka na kukonda mpaka unabaki gamba, na gamba hilo linaweza kuvunjika. Wengi wanaoupata hawajafika miaka 20. Unapenda mifupa mirefu ya miguu na mikono, lakini sehemu kubwa kidogo ya wagonjwa huupata kwenye uti wa mgongo, na hapo huanzia upande wa nyuma wa pingili kisha ukasogea mbele. Ni nadra. Hesabu zilizofanywa Ulaya zinaonyesha mtu mmoja au wawili kwa kila watu milioni kwa mwaka. Kwa hiyo daktari wa wilaya aliyeutaja katika mambo ya kufikiriwa amefanya kazi nzuri, na ningependa umwambie hivyo siku ukimwona.

Si saratani. Hausafiri kwenda kwenye mapafu wala ini. Ubaya wake ni mahali ulipo: uvimbe kama huu kwenye mfupa wa paja unaleta maumivu na pengine mvunjiko, lakini kwenye pingili unasukuma mshipa wa fahamu.

Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba katika vivimbe vingi vya aina hii, ndani ya baadhi ya seli zake, jeni moja, inayoitwa USP6, imehama mahali pake na kujiunga na jeni nyingine. Kuhama huko hutokea ndani ya uvimbe wenyewe. Mtoto hakurithi kwako wala kwa baba yake. Haukuletwa na mpira, wala na ndoo za samaki alizokusaidia kubeba, wala na jicho la mtu. Nalisema hili kwa sababu barua yako, ukiisoma vizuri, ni ya mama anayejihesabia makosa. Huna kosa. Na bibi hana kosa. Alimkanda mjukuu wake kwa mapenzi kama alivyokandwa yeye. Ila kuanzia leo mgongo huo usikandwe, usiumikwe, usikanyagwe, usinyooshwe na fundi wa viungo. Mfupa uliokonda ukibonyezwa kwa nguvu unaweza kukatika na kuingia kwenye tundu la mshipa wa fahamu. Mwambie bibi kwa heshima, mpe kazi nyingine ya kumsaidia mjukuu wake, na ataelewa.

Eksirei mliyopiga ndiyo macho ya kwanza ya daktari. Kila pingili, ukiitazama kwa mbele katika picha, ina vidoa viwili vya mviringo, kimoja kila upande. Ndivyo vinavyoshikanisha mwili wa pingili na sehemu yake ya nyuma. Uvimbe ukila upande mmoja, kidoa kimoja kinatoweka. Madaktari wa mifupa duniani kote huiita picha hiyo bundi aliyefumba jicho moja. Najua bundi akitua juu ya paa la nyumba ya Mwambao watu hawalali. Mkilisikia jina hilo wodini msishtuke, ni namna yao ya kukumbuka alama. Lakini bundi huyo hasemi ni ugonjwa gani. Uvimbe wa damu unamfumba jicho, vivimbe vingine vya mfupa vinamfumba, hata saratani iliyotoka kwingine inamfumba. Ndiyo maana mnatumwa mbele.

MRI inaonyesha yale ambayo eksirei haioni: mshipa wa fahamu wenyewe, umebanwa kiasi gani na upande upi. Tena ina jambo moja la kupendeza kuhusu uvimbe huu. Mgonjwa akilala chali ametulia kwa muda, damu iliyomo kwenye vile vyumba hutulia naye: chembe nyekundu zinazama chini, maji mepesi yanabaki juu, na katika picha mpaka wa hizo mbili unachorwa mstari ulionyooka, mstari katika kila chumba. Daktari akiiona mistari hiyo katika pingili ya kijana wa miaka 15, ABC inapanda juu kwenye orodha yake. Mweleze kijana mapema kwamba mashine inagonga kwa kelele kubwa, kwamba atalala ndani yake nusu saa au zaidi bila kujitikisa, na kwamba akijitikisa picha inaharibika. Avue kila chenye chuma: mkanda, saa, bangili, na hirizi kama anayo. Simu ibaki nje. Huenda wakampiga pia CT, ambayo inaonyesha mfupa wenyewe umebaki kiasi gani, maana daktari wa upasuaji anahitaji kujua atashika wapi.

Hata mistari ile haimalizi kesi. Ipo aina moja ya saratani ya mfupa ambayo nayo huwa na vyumba vya damu, na katika picha inafanana sana na ABC. Vipo pia vivimbe vingine visivyo vya saratani ambavyo ABC huota ndani yake. Anayeweza kuvitenganisha ni mtaalamu anayekitazama kinyama kwa hadubini. Mama, hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote: jina la ugonjwa wa mwanao litatoka kwenye kinyama. Halitatoka kwa jirani, kwa shemeji, wala kwenye safu hii.

Jirani yako anarudia maneno niliyoyasikia Bagamoyo, Bunju mpaka Tegeta, na najua yanakotoka. Watu wetu wengi hufika hospitali saratani imeshasambaa. Wanachukuliwa kinyama, majibu yanatoka, na baada ya miezi michache wanafariki. Waliobaki nyumbani wanakumbuka sindano, kisha msiba, wanaunganisha. Ugonjwa ulikuwapo kabla ya sindano. ABC haigeuki saratani kwa kuchomwa sindano. Hatari ya kweli ya kipimo hiki ni kutoka damu, na kukosea njia ya kupitishia sindano iwapo itaonekana ni saratani, kwa sababu njia hiyo nayo huondolewa wakati wa upasuaji. Ndiyo sababu nataka kinyama kichukuliwe palepale atakapofanyiwa upasuaji, na timu ileile, na wala si kwenye kliniki ya binafsi iliyo karibu eti kwa kuokoa muda.

Muulize daktari swali moja kabla hajaingia chumbani: kinyama kitagawanywa? Sehemu moja huwekwa kwenye dawa ya fomalini kwa ajili ya hadubini. Lakini fomalini huua vimelea, na kinyama chote kikiingia humo, kuotesha vimelea vya TB hakuwezekani tena. Sehemu nyingine inatakiwa iwekwe kwenye kichupa kisafi bila fomalini, ipelekwe kwenye kipimo cha GeneXpert na cha kuotesha. Mtoto ambaye mnabishana kati ya TB na uvimbe anahitaji vichupa viwili. Mara nyingi ndugu ndio wanaokabidhiwa kichupa wakipeleke maabara, basi ukipewa, tazama jina la mwanao limeandikwa sawasawa, kipeleke wakati huohuo, na usikirudishe Dunda kulala nacho. Wakati mwingine sindano hutoa damu tupu na jibu linasema "hakuna cha kutosha". Hilo hutokea sana kwenye uvimbe huu. Likitokea wakakwambia warudie kwa upasuaji mdogo, kubali.

Jambo moja dogo, ila litajwe. Kama kijana amewahi kuishi kwenye boma la mifugo na mbwa, kwa wafugaji wa Chalinze au huko kaskazini, mwambie daktari kabla ya sindano. Kuna mfuko wa maji unaoletwa na minyoo ya mbwa ambao mara chache huingia kwenye pingili, na huo hauchomwi hovyo.

Ikithibitika ni ABC, ataingia kwenye mikono ya watu wanaoijua kazi ya mgongo. Matibabu ya kawaida ni upasuaji: kuukwangua uvimbe wote, kujaza mfupa mahali palipobaki wazi, na pengine kufunga skrubu na vyuma ili uti usimame. Kwa kuwa uvimbe umejaa damu, upasuaji wake unatoa damu nyingi. Penye mtambo wake huanza kwa kuziba mishipa inayoulisha, na popote pale ndugu wajiandae kuchangia damu. Kusanyeni vijana wa mtaani wenye afya mapema. Kuna sehemu ambako huzuia uvimbe kwa kuziba mishipa pekee mara kadhaa, au kwa sindano za dawa, lakini mtoto ambaye mshipa wake umeshabanwa kwa kawaida anahitaji kisu. Baada ya hapo uvimbe unaweza kurudi, na ukirudi mara nyingi huwa ni ndani ya miaka miwili ya mwanzo. Kwa hiyo tarehe za kliniki zishikwe hata akiwa anacheza mpira tena. Na ikithibitika ni TB, basi ana bahati ya aina yake: dawa ni bure nchi nzima, na wengi hupona kwa dawa pekee.

Kuhusu mashine ya boti: isiuzwe bado. MOI iko Upanga, ndani ya eneo la Muhimbili, na kama hospitali nyingine za umma ina ofisi ya ustawi wa jamii. Hao ndio wanaowapima wasioweza kulipa na kupendekeza wasamehewe au wapunguziwe. Nendeni na barua ya serikali ya mtaa, kadi ya bima ya aina yoyote kama mnayo, na ombeni makadirio ya gharama kwa maandishi. Baba aamue akiwa na karatasi mkononi. Mashine ndiyo inayowalisha watoto wengine watatu. Tena Muhimbili si mahali pa ugenini kwa mtu wa Bagamoyo. Lile jengo la wodi liitwalo Sewahaji lina jina la Sewa Haji, mfanyabiashara wa mji wenu, aliyetoa mali yake ijengwe hospitali ya wenyeji Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1897. Hospitali hiyo ndiyo mtangulizi wa Muhimbili.

Wasomaji wengine watakaoiona barua hii wakashika viuno vyao, nawaomba watulie. Mtu mzima anayeumwa mgongo akipigwa MRI, si ajabu karatasi ikataja kivimbe cha mishipa ya damu ndani ya pingili, au kifuko cha maji kwenye mzizi wa neva karibu na kiuno. Vingi vya aina hiyo mtu amezaliwa navyo au amekaa navyo miaka, havimuumi na havihitaji kitu. Vimeonekana kwa sababu mtu ametazamwa. Muulize daktari: hiki ndicho kinachoniuma, au kimekutwa tu? Ila maumivu ya mgongo kwa mtoto, yanayomwamsha usiku na kurudi kila dawa ikiisha, hayo si ya kukutwa tu. Yapigwe picha.

Mama wa Dunda, beba eksirei yenyewe, usibebe karatasi ya majibu peke yake. Beba barua ya rufaa na orodha ya dawa zote alizokunywa. Kijana asibebe ndoo wala begi la shule mpaka atakapoonwa, na usiku huu, kabla hajalala, muulize kama mkojo unatoka vizuri. Akisema hautoki, msingoje asubuhi.